Picha Aliyoicheka Khelef

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imekwisha, wageni wamekwenda zao, na mie nimebaki na wifi yangu Jokha, ambaye hajui kunyamaza ila akilala. Leo kaniambia mjane hafai kukaa dirishani. Nkamwambia dirisha nimelipa mgongo. Akasema mgongo nao unaonekana.

Naandika kwa sababu sijazoea kukaa bila ya kazi, na kofia nliyokuwa nikiishona ilikuwa ya Khelef, siwezi kuigusa. Eda yangu inakwisha mwisho wa Mei. Mpaka hapo sitoki, sijipambi, sijifukizi udi, sikai na mwanamume asiyekuwa maharimu yangu. Hayo nayajua na sina ugomvi nayo. Khelef alikuwa mume mwema, anastahiki kukaliwa eda iliyotimia.

Ila kuna jambo moja kaniachia, nalo haliniachi. Disemba alikwenda Dar kwa daktari wa macho, akarudi anacheka peke yake. Kaniambia ameipangisha sehemu ya chini ya nyumba, pale palipokuwa na duka lake la vitambaa, kwa watu wanaozungusha maonyesho ya picha. Yametoka Kampala, yapo Dar, yatakuja Unguja, kisha yaende Mombasa. Picha gani, nkamuuliza. Akasema, "Rangi tupu. Hazina mtu, hazina nyumba, hazina mnazi." Na ndani yake, akasema, mna moja, "ukiiona utacheka mpaka uniombe radhi."

Nkamwambia anionyeshe kwenye simu. Akakataa. "Kwenye simu haionekani. Mpaka usimame mbele yake, Asila. Ngoja zije."

Nkangoja. Januari alikwenda kusali Alfajiri, akarudi, akajilaza, hakuamka tena. Sasa picha zinakuja wiki hii, nyumbani kwangu, chini ya miguu yangu, na mie sijui ni ipi, wala nimuombe radhi kwa lipi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu Alfajiri. Masanduku yamefika. Nasikia misumari ikichomolewa.

Ijumaa, 11 Aprili

Msimamizi wa maonyesho ni mwanamke, alhamdulillahi. Anaitwa Salhiya, mtu wa Mombasa, mrefu, viatu kavua tangu ngazi ya chini. Kanipa shikamoo na mkono wa pole, kakaa mkekani, kala kitumbua kimoja kwa heshima na cha pili kwa kupenda. Jokha alikuwa kakaa baina yetu kama ukuta.

Nkamuuliza kama alimuona Khelef Dar. Akasema, "Nilimuona, Bi Asila. Alizunguka peke yake, mimi nilikuwa nje nazungumza na simu. Nikasikia mtu anacheka. Nilipoingia alikuwa katikati ya ukumbi anajifuta machozi."

"Katazama wapi?"

"Alikuwa keshageuka. Nikamuuliza, mzee, kuna nini? Akaniambia, hii kesi ya mimi na mke wangu, wewe huiwezi."

Jokha akasema nduguye hakuwa na kesi na mtu. Mie sikumbishia, maana kesi tulikuwa nazo nyingi, na sijui kacheka ipi.

Jumapili, 13 Aprili

Wamefungua jana. Nyumba yetu ina uwazi katikati, na ukisimama juu kabisa ya ngazi, ukainamisha shingo, unaona ncha moja ya picha moja. Nyekundu. Nimeitazama ncha hiyo asubuhi, na baada ya Adhuhuri, na Alasiri. Asubuhi ilikuwa nyekundu ya pilipili, jioni imekuwa ya damu. Sikujua rangi inatembea namna hiyo. Jokha kaniuliza nimepoteza nini ngazini.

Jumatatu, 14 Aprili

Jirani yangu Bashira kaja na habari kamili. Bashira ni mtu wa kueleza; ukimpa harusi atakupa mpaka idadi ya vijiko. Leo kashindwa.

"Kuna moja nyeusi," kasema. "Nyeusi, halafu ina... basi nyeusi."

"Na nyengine?"

"Kuna kama mtu kamwaga. Kuna kama mtu kafuta. Kuna nyeupe, nyeupe kweli, nkadhani hawajaitundika bado. Bi Asila, mie nlitoka kichwa kinaniuma, na usiku nikaiota ile nyeusi."

Nkamuuliza ipi inachekesha. Kasema hakuna. Kasema watu wamesimama mle kama wanangoja majibu ya hospitali.

Jumatano, 16 Aprili

Jokha kaanza na suala la chumba changu. Siku ya kutoka eda wanawake watajaa mpaka kitandani, na ukuta ule ni aibu. Ana haki. Ubavuni mwa dirisha kuna madoa matatu ya kijani ambayo Khelef aliyapaka mwaka nlipokuwa na mimba ya Nusrat. Alileta vikopo vitatu kutoka Darajani, akapaka kidogo kidogo tuchague. Mie nkachagua cha kwanza, chepesi. Yeye akasema cha katikati, kitapendeza zaidi mvua zikija, tungoje mvua. Mvua zikaja, akasema tungoje kiangazi. Nusrat sasa ana miaka ishirini na sita. Nshayaita madoa hayo uchafu, nshayaita aibu ya mume mvivu, na kila nikitarajia wageni hutundika kanga juu yake. Tangu msiba ile kanga haijashuka.

Nkamwambia Jokha amwite Gharib fundi wa rangi. Kote rangi ya maziwa, tumalize.

Jumamosi, 19 Aprili

Nusrat karudi kutoka Kiwengwa, anakofanya kazi hotelini. Binti yangu kashuka chini, kakaa saa nzima, kapanda na macho ya mtu aliyetoka kuogelea. "Mama, ni hisia," kasema. Nkamwambia hisia ninazo za kutosha huku juu, nataka kujua kuna nini kwenye picha. Akatoa simu anionyeshe. Nkajifunika macho na mtandio.

"Baba yako kaniambia nisizione kwenye simu."

"Mama, ni picha tu."

"Basi zikae chini, kama ni picha tu."

Kacheka, kisha kaona nalia, kaiweka simu mfukoni. Nimemwambia ukweli wangu. Khelef kaniachia mtihani. Nikisimama mbele ya picha hizo zote na nisicheke, itakuwa mwanamume nliyeishi naye umri wote huu sikumjua. Na tarehe ishirini Mei zinaondoka, kabla mie sijatoka.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimesema waziwazi: nataka kushuka. Siendi njiani, nashuka ngazi ya nyumba yangu mwenyewe, saa wameshafunga, hakuna mwanamume.

Jokha kasema kilichopangishwa si changu. Mwenye funguo ndiye mwenye nyumba, na mjane haendi nyumba za watu. Nkamwambia alete dalili ya dini. Akampigia sheikh, akaweka spika ili nisikie kwa masikio yangu.

"Anataka kushuka kufanya nini?" sheikh kauliza.

"Kutazama picha."

"Picha za nini?"

Jokha kanitazama. Nkamwambia mwambie. "Si za kitu, sheikh."

"Za kitu gani?"

"Si za kitu chochote. Rangi tu."

Sheikh kanyamaza mpaka Jokha akadhani simu imekatika. "Sasa, bibi," kasema, "kama si za kitu, anakwenda kutazama nini?"

Suali hilo na mie najiuliza. Mwisho kasema kuna ruhusa ya dharura, lakini picha hajaona kuwa ni dharura, na asubiri, kitu kisichokuwa kitu hakikimbii. Jokha kamshukuru. Nimekula chakula cha usiku kwa ghadhabu, nikala kingi.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Sebuleni panavuja mahala pawili. Ncha yangu nyekundu leo ni kahawia.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Salhiya kaja juu kunywa chai. Kasema juzi mtu kasimama mbele ya ile nyeupe akaomba kiti. Nkamuuliza, mtu anajuaje kuwa picha kama hiyo imekwisha? Mchoraji anajuaje aache hapo? Kasema, "Wengine hawajui, Bi Asila. Huja mtu akaichukua mikononi mwao." Nimelifikiri hilo mchana kutwa.

Jumamosi, 3 Mei

Gharib fundi kaja kutazama kazi. Mie nikaingia chumba cha Nusrat, Jokha akamuingiza changu. Nikamsikia anagonga ukuta, anagonga, anaguna. Kasema ukuta umelewa maji, rangi haitashika, itabambuka wiki ile ile. Arudi mvua zikipungua, labda tarehe kumi na saba. Jokha kamlaumu kama kwamba mvua kaileta yeye. Na mie nimekereka, nshayachoka yale madoa.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Jokha magoti yanamuuma. Nimemkanda kwa mafuta ya karafuu. Kanyamaza kwa muda, jambo ambalo lilinitisha.

Jumapili, 11 Mei

Andika, Asila, kabla hujasahau mpangilio wake.

Mvua ilishuka tangu asubuhi bila ya kuvuta pumzi. Baada ya Adhuhuri mfereji wa njia yetu ukaziba, maji yakapanda barazani, yakavuka kizingiti. Nkasikia Salhiya anaita kutoka chini, "Bi Asila, hodi! Hodi, Bi Asila!" Nkaenda juu ya ngazi. Alikuwa na maji ya vifundo vya miguu, na nyuma yake wafanyakazi wake wawili, wanaume, wamebeba picha moja kichwani kama jeneza.

"Naomba nizipandishe," kasema. "Sina pa kuziweka. Maji yanaongezeka."

Jokha alikuwa keshateremka ngazi mbili, kakamata mbao za ngazi huku na huku. "Hapiti mwanamume hapa," kasema. "Kuna mjane ndani."

"Bi Jokha, zitaharibika."

"Na eda ikiharibika, utaifidia wewe?"

Salhiya alikuwa karibu na kulia. Nami nliona namna Jokha alivyozing'ang'ania zile mbao, na kwa mara ya kwanza nkafahamu kuwa hanifungi mie. Analinda kitu cha mwisho cha nduguye kilichobaki cha kulindwa.

Nkamwambia kwa upole, "Wifi yangu, ulisema kilichopangishwa si changu. Nimekubali. Basi huku juu hakujapangishwa, ni kwangu, na mie nazikaribisha picha. Wanaume wazilete mpaka ngazi ya kwanza, waishie hapo. Juu tutabeba wanawake."

Kafikiri. Maji yalikuwa yanasikika. "Wanawake wepi?" kasema.

"Bashira. Salhiya. Na wewe."

"Mie na magoti haya?"

"Na magoti hayo."

Bashira kaja kavaa mfuko wa plastiki kichwani. Tukapanga safu: wanaume waweke picha ngazi ya kwanza wageuke kutazama mlango, Salhiya aipokee, Bashira aipeleke kati, Jokha aipeleke juu, nami niingize ndani. Zilikuwa kumi na nne, zote zimefungwa mashuka. Jokha mwenye magoti mabovu hakuacha hata moja. Picha ya kumi ilimshinda upana, kaigeuza, kauliza, "Hii juu ni wapi?" Salhiya akamwambia popote pale, ipite tu. Jokha akasema, "Watu gani hawa, hata juu hawana," na akaibeba.

Sebule inavuja, kwa hiyo zote zimeingia chumbani kwangu, zimeegemea kitanda, kabati, ukuta. Nimebaki na njia ya kupita mtu mmoja mpaka kwenye msala wangu wa kusalia.

Jumatatu, 12 Mei

Nimelala na picha kumi na nne zilizofunikwa mashuka. Sijazigusa. Nimezitaka mwezi mzima na leo naziogopa.

Jumanne, 13 Mei

Salhiya kanipigia simu asubuhi: tafadhali nizifunue, zipate hewa, zisije zikaota ukungu. Kwa hiyo sikuzifunua kwa uroho, nimeombwa.

Jokha alikuwa jikoni anakoroga uji. Nkafunga mlango, nkasema bismillahi, nkaanza na ile nyekundu maana tunajuana. Si nyekundu. Yaani ni nyekundu, lakini ukiikaribia unaona chini yake kuna nyeusi, na pembezoni buluu imechungulia kama chupi ya mtoto, na mtu kaikwangua mahala pamoja mpaka kitambaa cha picha kikaonekana. Nlisimama mpaka miguu ikaniuma. Sikucheka.

Ile nyeusi ya Bashira nimeielewa kwa nini kaiota. Ina kina. Sikucheka.

Ile nyeupe nliidhania ni ufidhuli. Kisha nkavuta pazia, mwanga ukaja ubavuni, nkaona kumbe imechanwa kwa brashi mistari mistari, kama nywele zilizochanwa na mtu mwenye subira. Nimeipenda hiyo. Kuna moja ya kahawia siipendi na sitaipenda, na sioni kosa langu. Kuna moja ya manjano nliitazama nkasikia njaa. Moja moja nikazipitia, nikizipa kila moja haki yake, na huku nazihesabu zilizobaki, maana zilikuwa zinapungua na mie sijacheka. Zilipobaki mbili nkamwambia Khelef kwa sauti, "Usinifanyie hivi."

Ya kumi na tatu ilikuwa duara. Sikucheka.

Ya mwisho ilikuwa imewekwa uso umegeukia ukuta, karibu na dirisha. Nkaishika kwa mikono miwili, nkaigeuza, nkavua shuka.

Nyeupe chafu, rangi ya chokaa kongwe. Na juu yake madoa matatu ya kijani, moja pembeni ya jengine. La kwanza jepesi. La katikati kijani cha mchicha uliooshwa. La tatu zito, karibu na weusi, na rangi imechuruzika mpaka chini.

Nlicheka. Nlicheka kwa sauti ambayo mjane hatakiwi kuwa nayo, nikakaa chini nikacheka, nikamuona Khelef Dar, kofia mkononi, kasimama mbele ya ukuta wetu wa chumbani umetundikwa huko na kumulikwa taa tatu, watu wanaupita kwa kunong'ona. Miaka yote nimemwita mvivu. Kumbe hakuwa mvivu, alikosa fremu tu.

Jokha kaingia na mwiko mkononi, kadhani nimeingiwa na wazimu. Nikanyoosha mkono, nikaivuta ile kanga ukutani ikaanguka.

Kautazama ukuta. Kaitazama picha. Kaurudia ukuta. Kisha kakaa kitandani, mwiko mapajani, uji unadondoka kwenye shuka yangu, naye akaanza kucheka kidogo kidogo, na kicheko kikageuka kilio bila ya kupita mahala pengine. Nimemkumbatia. Hatujawahi kukumbatiana sisi, hata siku ya mazishi.

"Tangu mdogo hajui kuchagua," kasema. "Kila Idi mama alimuwekea kanzu mbili kitandani, mpaka Adhuhuri hajavaa. Kitu alichokichagua siku ile ile ni wewe. Karudi nyumbani akatuambia, basi."

Hilo hajawahi kuniambia. Miaka yote hii kakaa nalo.

Alhamisi, 15 Mei

Nusrat kaja, kasimama baina ya picha na ukuta, mkono mdomoni. "Mama, nimepita mbele ya picha hii siku ile, wala sikuiona." Si kosa lake. Kazaliwa kayakuta yale madoa, kwake ni ukuta.

Salhiya naye kapanda. Katazama kwa muda mrefu sana, kisha kauliza kama anaweza kugusa. Kaniambia mchoraji ni bibi wa Kampala, kampigia simu hapo hapo, kamueleza. Nlisikia kicheko cha mwanamke nisiyemjua kimejaa chumba changu.

Jumamosi, 17 Mei

Gharib kaja na ndoo zake za rangi ya maziwa. Nlikuwa chumba cha Nusrat nasikiliza. Jokha kamkuta mlangoni.

"Chumba hicho hakipakwi," kasema.

"Bibi, wewe ndiye uliyeniita."

"Nlikwita kabla. Paka sebule."

Jumanne, 20 Mei

Zimeondoka. Tumeziteremsha vile vile kwa safu. Ile ya kijani nimeibeba mie mpaka juu ya ngazi, nikamkabidhi Jokha. Salhiya kaniachia kikaratasi kimoja kitupu cha vile wanavyobandika pembeni ya picha, chenye mahala pa jina la mchoraji, jina la picha, na imechorwa kwa rangi gani. Chumba kimekuwa kikubwa na kimya. Naikosa ile nyeupe.

Jumatano, 28 Mei

Nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa nguo niliyoshonewa na Bashira, wamenifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Wanawake walijaa kama Jokha alivyotabiri, mpaka kitandani. Kanga haikuwepo ukutani. Kilikuwepo kikaratasi, kwa hati yangu:

Khelef Abdulla. *Tungoje Mvua.* Rangi ya mafuta juu ya chokaa.

Jokha kasimama pembeni yake mchana kutwa. Mgeni mmoja kanyoosha kidole, Jokha kakipiga kofi dogo. "Usiguse," kamwambia. "Sogea nyuma. Kwa karibu huioni." Mwengine kauliza inauzwaje, kwa mzaha. Nilipokwenda kutazama jioni, chini ya maneno yangu palikuwa na neno moja zaidi, kwa hati ya Jokha iliyopinda: Haiuzwi.

Jumapili, 1 Juni

Mvua ya mwisho mwisho, nyembamba. Ningeweza kutoka leo, hakuna wa kunizuia. Nimekaa kitandani tangu asubuhi natazama ukuta, namna nilivyojifunza kutazama: kwa muda, na bila ya kuutaka uniambie kitu. Kijani cha kwanza, changu, mvua inakipausha, kimekuwa kama maji ya kunawia. Cha tatu kimezama. Cha katikati kimeangaza chumba kizima.

Basi niwie radhi, Khelef. Ni cha katikati.